Kikapu cha Mama Nyegere

Paukwa.

Pakawa.

Kikawa nini?

Kisiwa.

Ndani mna nani?

Hamna mtu.

Mtu hamna, mnyama je?

Mmoja tu.

Haya, kaeni. Mwanapili, vua ndala zako uziweke pale mlangoni na za wenzako, usinipandie nazo mkekani. Na wewe Mbwana, ukitaka kucheka, cheka tukifika mahali pa kucheka. Jana ulicheka peke yako na hadithi ilikuwa ya msiba.

Basi, hapo kale palikuwa na kisiwa kinaitwa Mkadini. Kisiwa kidogo, kimya, watu wanakipita tu. Ukiwauliza wa bara kama wanakijua Mkadini, wanakujibu, "Kuna nini huko?" Soko hakuna, ngoma hakuna, hata mbwa wa kukubwekea hakuna. Alikuwepo Pimbi.

Pimbi mnamjua. Mdogo, matako mazito, mkia hana. Mkia ulikwenda wapi msiniulize, hiyo hadithi nyingine na leo sina moyo nayo. Zamani pimbi walikuwa wengi Mkadini. Lakini bamvua likija, maji yanatoka mbali sana, mchanga unajitokeza katikati ya bahari kutoka kisiwani mpaka bara, unavuka miguu mikavu. Halafu maji yanarudi, njia imefungwa mpaka bamvua lingine. Kwa njia hiyo Mjomba Makame akavuka kwenda kuangalia mashamba ya maboga. Akasema anarudi. Bamvua lililofuata Shangazi Mwanakheri akamfuata. Naye akasema anarudi. Kisha binamu, kisha watoto wa binamu, na kila mmoja akasema anarudi.

Pimbi akabaki. Alisema lazima abaki mtu, maana wakirudi nani atawaambia karibu?

Kila asubuhi alikuwa akizunguka kisiwa chake na kukionyesha. Anamwonyesha nani? Hamna. Anasimama mahali, anasema, "Hapa wageni wangu, mnaona kisima." Anangoja kidogo wageni waone. Kisha anasema, "Haya, twende mbele." Msimcheke. Nyie mna bahati mnalala watano kitanda kimoja na mnagombania shuka.

Sasa huko bara alikuwepo Nyegere. Kucha anazo, meno anayo, tumbo halijai. Mzinga wa nyuki anaula na nyuki wake ndani. Simba hamwogopi, nyoka hamwogopi. Kitu kimoja tu Nyegere anakiogopa: kuambiwa hana adabu. Mama yake alimlea kwa fimbo. Siku moja arusini alitia mkono kwenye sinia wazee hawajanawa, na wanawake wakanong'ona kwamba huyu hakulelewa. Mama yake akalala na homa kwa aibu. Tangu hapo Nyegere akisikia neno hilo, miguu inamlegea.

Bamvua moja Pimbi yuko juu ya jiwe, akaona kitu kinakuja kwenye mchanga. Kwata, kwata, kwata. Moyo ukamruka, akajua ni Mjomba Makame. Akatazama vizuri. Mjomba hana mgongo mweupe namna ile. Alikuwa Nyegere, kofia kichwani, kikapu mkononi.

Pimbi angeweza kukimbilia shimoni. Lakini Nyegere anachimba, kwaru kwaru kwaru, shimo la pimbi kwake si kitu. Na niwaambie kweli, miguu yenyewe haikutaka kukimbia. Alikuwa hajaona mtu siku nyingi mno.

"Hodi," akasema Nyegere.

"Karibu," akasema Pimbi, na sauti ikamkwama, maana neno hilo lilikuwa limelala mdomoni mwake muda mrefu.

Wakaamkiana. Pimbi akauliza habari za bara, za mvua, za mama, za majirani, na Nyegere akazijibu zote moja moja, hata jino la mdogo wake na ile aibu ya arusini. Zilipokwisha, akaweka kikapu chini.

"Nimekuja kukula," akasema. "Kitakachobaki nakitia kikapuni nampelekea mama."

Pimbi akamwambia si vibaya, safari ni safari na njaa ni njaa. Ila amefika sasa hivi, hajakaa, hajatembezwa. Kwao Mkadini mgeni hali mpaka ametembezwa. Akirudi kwao wakamwuliza Mkadini kukoje, atajibu nini, kwamba alifika, akala, akaondoka? Watasema hakulelewa.

Nyegere miguu ikamlegea.

"Tena mimi nimekonda," akasema Pimbi. "Wanono wako huko mbele. Shangazi yangu Mwanakheri shingo haionekani kwa mafuta. Tukitembea utawakuta."

Tumbo la Nyegere likalia, guuu. Akaliambia litulie. Akauliza waanzie wapi.

"Kwanza lete kikapu," akasema Pimbi. "Mgeni habebi mzigo." Akajitwika. Kikapu kikubwa, Pimbi mdogo, kikamfunika mpaka nyusi. Wakaenda.

Wakafika penye mlango. Mlango wa mawe, nakshi za maua juu yake, na nyumba hamna. Nyumba ilianguka zamani, kuta zimekwenda, mlango umesimama peke yake kwenye majani. Pimbi akasema hapo ni kwa Mjomba Makame, mgeni apige hodi. Nyegere akapiga hodi. Kimya, upepo tu. Akapiga ya pili. Kimya. Akachungulia pembeni, akasema mbona unaweza kuzunguka tu, ukuta wenyewe hakuna.

"Mlango upo au haupo?" akauliza Pimbi.

"Upo."

"Basi piga ya tatu."

Akapiga ya tatu. Hapana mtu. "Atakuwa ametangulia," akasema Pimbi. "Twende mbele." Tumbo likalia, guuu.

Wakafika kisimani. Bahari iko hapo hapo, wimbi unaliona, na maji ya kisima matamu, chumvi hamna hata kidogo. Jiwe la mdomoni limeliwa na kamba za watu ambao hakuna anayewakumbuka. Wakanywa. Pimbi akasimulia kwamba walipokuwa wadogo walikuwa wakiyaita majina yao mle ndani, na kisima kinawarudishia. Akainama akaita, "Mwanakheri." Kisima kikarudisha, kikarudisha tena, kikanyamaza. Nyegere akamwuliza mbona sauti imebadilika. Pimbi akasema ni kisima hicho, kina mwangwi mbaya.

Hapana mtu. "Watakuwa wametangulia. Twende mbele." Guuu.

Wakaingia mikokoni, chopo, chopo, chopo, tope mpaka magotini. Humo wamo kaa wadogo, kila mmoja mkono mmoja mkubwa kuliko mwili, na kutwa wanaupunga juu, chini, juu, chini. Hakuna anayepita pale, wao wanapunga tu. Pimbi akasema wanamsalimia mgeni. Sasa Nyegere atafanya nini? Akapunga. Akampungia huyu, akampungia yule. Akitaka kuondoka Pimbi anamwambia yule wa pembeni hujamjibu, anakutazama. Nyegere anarudi anapunga. Jua limepanda, mkono unamuuma, anapunga. Cheka sasa, Mbwana, hapa ndipo.

Mwisho wakafika mwambani. Kwenye mwamba kuna tundu, na tundu lile linapumua. Puuuu. Haaa. Puuuu. Haaa. Pimbi hapo ndipo alipokuwa akija kukaa jioni, kwa kuwa ni mahali pekee kisiwani panaposikika pumzi ya mwingine. Akamnong'oneza Nyegere kwamba huyo ni Shangazi Mwanakheri, amelala, anakoroma. Nyegere mate yakamtiririka. Akataka kutia kichwa.

"Vua kofia," akasema Pimbi. "Unaingia kwa mkubwa."

Nyegere akavua kofia, akainama, akasema taratibu, "Shikamoo, shangazi."

PUUUU-HAAA. Maji yakampiga usoni, puani, mdomoni, kofia ikapaa ikatua baharini, chubwi. Nyegere akakaa chini amelowa chapa. Akatazama nyuma, akaona bahari inarudi. Ule mchanga aliopita kuja umebaki mwembamba. Akamgeukia Pimbi.

"Pimbi. Hapa hamna mtu."

"Hamna," akasema Pimbi.

"Wako wapi?"

"Walivuka. Walisema wanarudi. Niko peke yangu."

Nyegere akajifuta maji usoni. Tundu likavuta pumzi, haaa. Kisha tumbo likalia, guuu, na Nyegere akasimama, akasema pole sana, basi itabidi amle yeye.

Pimbi akamwambia amle, ameshatembezwa, haki yake. Lakini njia inafunga. Akila hapa atalala hapa, na mama yake atakesha mlangoni. Afadhali amsindikize mpaka mwanzo wa mchanga, waagane vizuri, kisha amle hapo hapo na aondoke zake. Kuna mgeni anayeondoka bila kuaga? Nyegere akaona ni maneno ya maana. Wakateremka mbio.

Pale mchanga unapoanza kuna jiwe. Pimbi akapanda juu yake, kikapu kichwani, akasema anapenda kuuona uso wa mgeni anapomuaga. Nyegere akasimama chini mchangani.

"Haya, kwaheri," akasema Nyegere, na mdomo akaufungua.

"Kwaheri ya kuonana. Mama msalimie."

Nyegere akaufunga mdomo. "Salamu zimefika."

Na baba je? Zimefika. Na yule mdogo wako aliyeumwa jino? Lilishang'oka, anashukuru. Na jirani? Mzima. Yule wa upande wa pili je, asije akasema amesahauliwa? Maji yakaja kwenye nyayo, chwaa. Na wazee wa arusi ile, wapo? Wapo. Maji yakaja magotini, chwaa. Nyegere anafungua mdomo ale, salamu inaingia, anaufunga aijibu. Alijaribu kukata maneno, akasikia wale wanawake wa arusini wananong'ona. Maji yakafika tumboni, na kuogelea hajui. Hapo Nyegere akageuka akatimua mbio, chubwi, chubwi, chubwi, na huku anajibu kwa mbali, "Zimefikaaa, zote zimefikaaa."

Pimbi akacheka. Akacheka mpaka akalala juu ya jiwe. Amepona, mzima, hata unywele haukuguswa. Akageuka amwambie mtu. Hapana mtu.

Ndipo akakivua kikapu kichwani. Msiniambie alisahau. Kikapu kilikuwa kimemfunika nyusi, angekisahau vipi? Alimwona Nyegere anaondoka mikono mitupu na akanyamaza kimya.

Bamvua lililofuata, kwata, kwata, kwata. "Hodi." "Karibu." Nyegere akasema mama yake amemgombeza vibaya, anataka kikapu chake, na safari hii atamla Pimbi kweli. Pimbi akasema kikapu kipo, ila kikapu cha watu hakirudishwi kitupu, wapite wakatafute cha kutia. Nyegere angesema nini? Wakapita mlangoni, kisimani, kwa kaa, mwambani. Wakaagana. Maji yakajaa. Nyegere akakimbia, na kikapu kikabaki. Ikawa hivyo hivyo kila bamvua. Kofia mpya anaishika mkononi kabla hajafika mwambani, na kaa anawapungia bila kuambiwa, lakini kila akifika anasema amekuja kula.

Halafu likaja bamvua moja, Nyegere hakuja. Pimbi amefagia njia, amesimama juu ya jiwe, kikapu kichwani. Mchanga ukajitokeza, ukakauka, ukaanza kuzama. Hapana mtu. Akasema basi nitatembeza mwenyewe kama zamani. Akaenda mlangoni, akafungua mdomo aseme, "Hapa wageni wangu," na neno halikutoka. Zamani liliweza, sasa halikuweza. Akakaa chini mbele ya ule mlango na kikapu mapajani, akalia. Alilia kama alivyolia siku Shangazi alipovuka, na kwa nani? Kwa mtu anayetaka kumla.

Siku hazikupita hivi hivi, alizisukuma. Bamvua likarudi. Pimbi hakutoka hata kutazama, alijilaza shimoni. Akasikia mchangani, kwata, kwata, polepole, mguu mmoja unachechemea. Akasikia, "Hodi." Hakuamini. "Hodi," ya pili. Akangoja, maana mwenye adabu anapiga tatu. "Hodi."

Akatoka mbio. Nyegere alikuwa amefungwa kitambaa mguuni, mwiba ulimlaza. Wakatazamana.

"Nimekuja kukula," akasema Nyegere.

Pimbi tangu azaliwe hakuwahi kusikia maneno matamu kama hayo. Akamshika mkono, akamwambia, "Karibu. Tuanze na mlango."

Ngano yangu imefika pwani, maji yamejaa, mimi sivuki tena. Anayetaka kuvuka na avue viatu.

Na funzo lake, msikie vizuri nisije nikaambiwa na mama zenu nawaharibu: mtu anayetaka kukula usimkaribishe. Usimtembeze, usimsindikize, na kitu chake mrudishie siku ile ile. Mwenye akili hukaa peke yake, na hapo ndipo penye raha. Mmesikia? Haya, nendeni makwenu, kumezidi makelele humu ndani, nipumzike.

Mwanapili, mbona umesimama? Ndala moja haionekani? Mimi sijaiona. Labda paka. Nenda na hiyo moja, kwenu si mbali, na kesho urudi, tutaitafuta wote.