Lenzi ya Mama Nyamizi

Nikisema kacha?
— Tunaitika kwapu!
Ngano yangu ina meno!
— Ituchekeshe, isituume!

Kacha-kwapu! Usiku wa manane, nje ya pango. Mama Nyamizi, yule pimbi mwenye watoto watatu wachanga, akashtuka. Kacha-kwapu! Chui huyo, na kamera yake!

Chui alikuwa na maringo: hali kitu mpaka akipige picha kwanza. Na kamera yake kuukuu ilikuwa na kioo ndani, kioo kikiruka kinapiga kacha-kwapu. Chakula kinasikia, chakula kinakimbia. Watoto wakatumbukia shimoni, wakapona.

Kulipokucha Chui akaita, "Mama Nyamizi!"

"Abee mjomba shikamoo, sisi wazima, ila watoto wana homa, wamekonda, hawana hata ladha..."

"Marahaba. Nyamaza. Twende dukani kwa Nungunungu unichagulie kamera isiyo na kioo. Nasikia haina kelele."

Moyo wa pimbi ukafanya pu! Haina kelele? Basi watoto watasikia nini?

Dukani Nungunungu akaibofya. Kimya. Mama Nyamizi akaibofya. Kimya kabisa. Hapo akaziona lenzi mbili mezani, moja ndefu, moja pana, na maneno yakamtoka mbio.

"Mjomba, kamera zote ni zilezile, shughuli iko kwenye lenzi, chukua hii ndefu, ni ya wanyama, inawavuta karibu mmoja mmoja, chungulia!"

Chui akachungulia nyikani. "Naona sikio. Sikio moja la swala! Mimi nishibe sikio?"

"Ndivyo ilivyo, mjomba. Hii pana ni ya mandhari, lakini hii, hapana, hii kubwa kwako, tuiache..."

"Kubwa kwa nani? Lete!"

Akachungulia. Nyumbu ndani, pundamilia ndani, swala ndani. Mate yakamdondoka, to, to, to.

"Wote hawa?"

"Wote, mjomba."

"Na mlima?"

"Na mlima."

"Naichukua!"

Nungunungu akafungua mdomo aseme neno. Mama Nyamizi akamkanyaga mguu.

Jioni watoto walikuwa juu ya jabali wakiota jua. Chui akaja, jicho limeganda kwenye kamera. Lenzi pana ikawaonyesha wadogo kama sisimizi, mbali kule, kumbe wako puani pake. "Bado," akasema. Nyata, nyata. "Bado." Nyata, nyata. "Ba..."

Gubu! Paji la uso kwenye jabali. Watoto chwi, shimoni!

"Pole, mjomba! Umeumia?" Mama Nyamizi akaita toka pangoni.

"Wanyama wa huku wako mbali mno," Chui akanung'unika. "Tena wadogo! Nahama."

Akahama kweli, jicho palepale, akigonga miti njia nzima: gubu, gubu, gubu, mpaka sauti ikapotea. Mama Nyamizi akakaa chini, akalia, akacheka, akawanyonyesha wote watatu bila kutega sikio nje.

Ngano imechoka!
— Tuitandikie ilale!

Fundisho, wanangu: mkubwa akikuomba ushauri, mpe ukweli mtupu, kama Mama Nyamizi. Na ukinunua kamera, chukua ile inayoonyesha vingi.

Sasa, Chui akirudi akauliza lenzi ya mandhari ni ya kazi gani?
— Hatujui!
Na aliyemchagulia?
— Alichagua mwenyewe!
Mnaahidi?
— Tunaahidi! Hatumwambii mtu mwingine!