Mapipa Yaliyolilia Kwao

Aikande alipika mbege tamu kuliko wote pale Kibosho, lakini kila pipa alilompelekea Mzee Kimambo, tajiri mwenye kilabu, halikurudi. Pombe ilinywewa, pipa likabaki la kuwekea maji.

"Likishavuka mlango wangu ni langu," alisema Kimambo.

Siku moja Aikande akaleta mapipa manne ya mbege changa, bado inatoa povu. "Yachukue tu, mzee. Ila nakuomba, mifuniko usiikaze."

Kimambo hakuwa mtu wa kupangiwa. Alihisi mama huyu anataka kurudi kuchota kwa siri, akaikaza yote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Kufika mchana mapipa yalikuwa yamevimba matumbo, yanaguna na kutikisika. Wanywaji wakahamia nje na kata zao. Kimambo akatuma Aikande aitwe.

"Yana nini haya?"

"Yanalilia kwao, mzee. Yakinuna hivi hupasuka."

"Na yale ya maji? Mbona yametulia?"

Aikande akatikisa kichwa kwa huzuni. "Hayo ndiyo ya kuogopa."

Jioni pikapu ya Kimambo ikashusha mapipa yote uani kwa Aikande, yenye pombe na yale ya zamani, dereva akaondoka bila hata kuaga.

"Kwani yalikuwa yanalilia nini?" mumewe akauliza.

Aikande akalegeza mfuniko wa kwanza, nao ukapiga mluzi mrefu.

"Hewa," akasema, akachota kata moja.