Kifaru Alivyomlisha Fundi Upepo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapigiana hodi na kuombana chumvi, Kifaru na Pimbi walikuwa majirani katika nchi kavu yenye upepo usiojua kupumzika.

Kifaru alikuwa na bonde zima la majani, marefu mpaka magotini. Pimbi, mdogo kama paka, alikuwa na jiwe tu. Lakini jiwe gani hilo, wanangu! Chini jembamba, juu pana kama uyoga, na ubavuni lina vyumba na madirisha. Jua likiwaka, Pimbi na watoto wake wanne hukaa barazani kivulini, wanakunywa uji taratibu.

Kila Kifaru alipopita pale, uji ule ulimkaa yeye kooni.

"Mimi na ukubwa wote huu nalala nje," alinung'unika, "na kale kadudu kana vyumba!"

Asubuhi moja wivu ulimzidi. Kung'! Akapiga jiwe kwa pembe.

"Toka humo! Nahamia mimi!"

"Bwana Kifaru," Pimbi akajibu dirishani, "humu haitaingia hata pua yako."

"Basi nalivunja! Nikikosa mimi, na wewe ukose!"

Kung'! Watoto wakalia. Pimbi mwenyewe aliogopa, maana hakuwa na nyumba nyingine. Ila nisiwafiche: naye alikuwa na lake rohoni. Mlangoni kwake hakukuota hata unyasi mmoja, na majani ya Kifaru aliyatamani siku zote.

"Subiri, bwana mkubwa! Uvunje kibanda changu cha nini, wakati fundi aliyekijenga yupo? Una ule mwamba mkubwa bondeni kwako. Atakutengenezea jumba!"

"Fundi gani?"

"Upepo! Hana nyundo wala patasi. Huokota mchanga akasugulia jiwe, chwa, chwa, chwa! Mchanga mzito haupai juu sana, ndiyo maana huku chini kapakwangua sana, juu akaacha paa. Hebu gusa."

Kifaru akapitisha pua. Laini! Wivu ukapanda mpaka masikioni.

"Mbona kwangu anapita kila siku, hajengi?"

"Anapita na njaa! Tangu lini fundi akajenga bila kulishwa na mwenye nyumba? Chakula chake ni udongo. Wako umeufunika kwa majani, kama mchoyo anayefunika chungu akisikia wageni."

Aa, hapo alimgusa penyewe! Katika nchi ile fundi hupewa chai asubuhi na wali mchana, hata kama anatengeneza mlango mmoja. Kuitwa mchoyo kwa fundi ilikuwa aibu kubwa.

Kifaru akarudi mbio nyumbani. "Mke wangu, tung'oe majani!"

"Eti nini? Baba we, majani ndiyo chakula chetu!"

"Utalala nyasini mpaka lini, mwenzio ana baraza?"

Mkewe akakataa. Kifaru akaanza peke yake, kwa pembe na kwa kwato. Kwa! Kwa! Kwa! Miti nayo, puu! Puu! Siku tisa bonde likabaki jekundu, uchi kabisa.

Huko kwake, Pimbi alikuwa anapanga mawe na miiba mstari mrefu mbele ya mlango.

"Mama, ukuta wa nini?" wakauliza watoto.

"Wa kumpunguza mbio mgeni."

Siku ya kumi upepo ukaja kwa nguvu kuliko siku zote. Vuuuuu!

"Karibu fundi!" Kifaru akapiga kelele, macho kayafumba kwa vumbi. "Kula ushibe!"

Fundi akala. Siku tatu udongo mwepesi ulipaa kama moshi, ukavuka bonde, na ulipofika kwenye ukuta wa Pimbi upepo ukapoteza mbio, udongo ukaanguka pale pale. Mvua iliponyesha, mlangoni kwa Pimbi pakaota majani mabichi.

Bondeni kwa Kifaru zilibaki kokoto. Na mwamba? Uko vilevile!

Kifaru akaja kwa Pimbi, mbavu zinahesabika.

"Fundi wako mwizi! Kala udongo wote, hajakwangua hata unene wa ukucha!"

"Si mwizi, bwana. Yuko kazini. Hii yangu aliianza kabla bibi wa bibi yangu hajazaliwa, na mpaka leo hajamaliza."

"Sasa... yangu itakuwa tayari lini?"

"Watahamia wajukuu wa wajukuu wa wajukuu wako. Wakipata cha kula, lakini."

Kifaru akageuka amwite mkewe. Mkewe alikuwa mbali, ameshika njia ya kusini kutafuta malisho, wala hakuangalia nyuma.

Akayatazama majani ya Pimbi ng'ambo ya ukuta wa miiba, yaliyoota kwenye udongo wake mwenyewe. Wivu ukamkaba kuliko siku ya kwanza. Akataka kulivunja lile jiwe, lakini njaa ilikuwa imemmaliza, hata pembe ilimshinda kuinua.

Basi, wanangu, shikeni hili: anayekodolea macho nyumba ya jirani huiharibu yake kwa mikono yake mwenyewe.