Chakula cha Mvua cha Bwana Mbaruku

Paukwa!

(Pakawa!)

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

(Pakawa!)

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, babu wa babu yangu hajaota hata jino, palikuwa na kijiji chenye desturi moja. Hakuna aliyenunua nyumba kabla ya kula ndani yake siku ya mvua. Wenyewe walikiita chakula cha mvua. Unakaa, unakula, unatazama juu. Wali ukibaki mkavu mpaka tonge la mwisho, nunua.

Bwana Mbaruku aliona huo ni ushamba. Yeye alinunua kiangazi, jua kali, bei chini. Akanunua moja, akanunua mbili, zikafika saba. Wapangaji walilipa kodi kwa makuti, ya kuezekea nyumba hizo hizo. Mbaruku akayabeba yote, akayabadilisha kwa nyumba nyingine. Kila asubuhi alipita akizihesabu kwa kidole, moja mpaka saba, kisha anarudia ili ajifurahishe.

Masika yakaja. To! To! To!

"Bwana, panavuja."

"Sogezeni kitanda."

"Tumesogeza, bwana. Na huku panavuja."

"Basi kirudisheni."

Huyo ndiye mwenye nyumba. Yeye kwake, bila shaka, palikuwa pakavu.

Sasa akaitamani nyumba ya Bi Mwanamvua, ajuza aliyeamua kesi zote za kijiji. Miaka arobaini haijavuja. Akamwendea.

"Bibi, niuzie nyumba."

"Salamu umeiacha wapi?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Siuzi, mjukuu wangu. Nakupa bure."

Moyo wa Mbaruku ukaruka. Du! Du! Du!

"Ila hujala chakula cha mvua hata kimoja. Kakile katika nyumba zako zote saba, bila kusogeza mkeka. Ukimaliza, hii ni yako. Ukisogeza, mpangaji wa nyumba hiyo anahamia kwako mpaka uezeke zote."

"Nisogeze mkeka kwa tone la maji?" Mbaruku akacheka mpaka akashika mbavu.

Siku ya kwanza, nyumba ya kwanza. To! To! Ndani ya wali.

"Sogeza mkeka, bwana," wenyeji wakamwambia kwa adabu.

"Niko sawa."

Nyumba ya pili, wali ukawa uji. Ya tatu, uji ukawa mchuzi. Kufika ya sita hali tena, anakunywa. Kho! Kho! Mafua mpaka kwenye ndevu. Lakini moyoni anaimba: ya nane, bure! Ya nane, bure!

Nyumba ya saba alikaa mjane Siwema na watoto wake tisa. Mbaruku akaketi, akainua macho, mara ya kwanza tangu ainunue. Hakuona paa. Aliona wingu.

Boriti ikalia: kwaaa! Siwema na wanawe wakatoka mbio. Sauti hiyo walikuwa wakiingoja miaka mitatu. Ukuta ukalainika. Poromo! Mbaruku alikuwa nje zamani, mkeka kichwani, hata mbuzi waliokimbia kishindo amewaacha nyuma.

Kijiji kikacheka. Bi Mwanamvua hakucheka, alikuwa na hasira.

"Watoto tisa wamelala humo, Mbaruku. Wewe mlo mmoja umekushinda."

Siku hiyo hiyo Siwema akahamia kwa Mbaruku, na vinu, na kuku, na tisa wake. Jioni mwenye nyumba akazunguka vyumba vyote na mto kwapani.

"Siwema, na mimi nilale wapi?"

Siwema alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua uso.

"Sogeza kitanda, bwana."

Kesho yake alfajiri, Mbaruku alikuwa juu ya ngazi, akiezeka.

Nanyi mnaonunua nyumba kwa kidole, funzo ndilo hili: kaleni humo kwanza, mvua ikinyesha, pale anapolala mpangaji wenu. Hadithi yangu naitua hapo. Anayetaka kucheka zaidi, akatazame kwanza paa alilowaezekea watu.