Bi Mbeyu na Siku Iliyokunjwa kama Mkeka

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ni pakawa ya wagonjwa. Wewe wa nyuma, weka simu mfukoni, hatakupigia mtu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko hai. Hapo kale, kale ile ambayo mtu hakuulizwa vyeti mlangoni, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na bibi mmoja, Bi Mbeyu, mjane, mfupi, meno manne, akili za watu arobaini. Moto wake haukuzimika. Aliyezimikiwa na moto alikwenda kwake asubuhi kuomba kaa. Na kaa hulipati hivi hivi. Mwambie kwanza kitu kimoja ulichokiona leo ambacho jana hukukiona. Hicho tu.

Mwenyewe hakujihurumia. Leo anachota maji kwa njia ya juu, kesho kwa njia ya chini. Leo anapiga mswaki kwa mkono wa kulia, kesho wa kushoto, anajichoma ufizi, anacheka. Na kila jioni anakaa kitako, anaikunja siku yake kama mkeka, kuanzia mwisho kwenda mwanzo: nimekula, kabla ya kula nimepika, kabla ya kupika nimechanja kuni. Pole pole, kunja, kunja, kunja, mpaka alfajiri.

Watu walimwona ana wazimu. Aliyeona hivyo zaidi alikuwa Tsuma.

Tsuma alikuwa msomi. Miaka saba ugenini, akarudi na vyuo saba, vitabu vinene hivyo, na digrii ya zama zao, sijui waliiitaje. Akaenda kwa jumbe kuomba ukarani. Jumbe akamwambia, "Kijana, huna ekspiriensi." Kazi akapewa mpwa wa jumbe, mtu asiyeweza kusoma hata jina lake likiandikwa ukutani kwa mkaa. Mnacheka nini? Tsuma hakucheka. Alikaa barazani kwake, vyuo mapajani, hasira kooni, hata binti yake Nyevu, wa miaka sita, alikuwa akizungumza na mgongo.

Asubuhi anakwenda kuomba kaa.

"Umeona nini leo, mwanangu?"

"Kuku, bibi."

"Jana pia uliona kuku."

"Huyu ni mwingine."

"Rangi yake?"

"Bibi, mimi nimesoma vyuo saba. Ni mtu wa kuulizwa rangi ya kuku, mimi?"

"Ya vyuoni waliyaona wenzako, wakayaandika. Nataka ulichoona wewe."

Tsuma anabuni rangi, anachukua kaa, anaondoka akinung'unika. Kila siku kuku. Kila siku rangi ya uongo.

Basi ikafika siku ya kuchoma bonde. Kila mwaka kabla ya mvua walichoma majani ya bonde zima wapate kulima. Na ilikuwa sheria: kabla ya moto, mpiga baragumu anapita akiita nyumba moja moja, na mwenye nyumba anatazama watu wake ndipo anajibu.

"Nyumba ya Karisa?"

"Wapo."

"Nyumba ya Mwatela?"

"Wapo."

"Nyumba ya Tsuma?"

Tsuma yuko kwenye chuo cha nne. Hakuinua macho. "Wapo."

Baragumu likalia. Vuuu! Vijinga vya moto vikashushwa upande wa mtoni. Upepo ukapokea. Kacha, kacha, kacha, bonde likaanza kuliwa.

Akapita jirani yake, Mwatela, tawi begani. "Msomi, Nyevu wako wapi? Wangu wanamtafuta wacheze."

Tsuma akatazama ndani. Hakuna. Nyuma ya nyumba. Hakuna. Akaita. Kimya. Mama yake Nyevu, Dama, alikuwa kwao matangani, na mtoto alimwachia yeye.

Akapiga yowe, mtoto hayupo! Watu wakaanza kukimbia kama siafu waliomwagiwa maji ya moto, huyu kulia, huyu kushoto, huyu anapiga kelele tu ili aonekane yupo. Bonde lilikuwa pana na moshi umeshalala chini. Tsuma akataka kujitupa ndani.

Mkono mkavu ukamshika. Bi Mbeyu.

"Kaa chini."

"Bibi, mwanangu anaungua unaniambia nikae?"

"Ukikimbia bila kujua unakokwenda, mtaungua wawili. Kaa. Siku yako siwezi kukukunjia. Baragumu lililia ukifanya nini?"

"Nasoma."

"Kabla ya hapo?"

"Nasoma."

"Hukuinuka?"

Vuuu, kacha, kacha. Tsuma akafumba macho. Kichwa chake kilikuwa kizito kama uji wa jana. Mtu wa vyuo saba, na asubuhi yake mwenyewe haimo. Kweli hii ni noma.

"Niliinuka," akasema. "Nilikwenda kunywa maji. Sikunywa. Kata haikuwepo mtungini."

"Kata ilichukuliwa na nani?"

"Sijui."

"Kabla ya hapo?"

"Nyevu alikuja. Alisimama pale nguzoni."

"Akasema nini?"

"Sijui, bibi. Nilimjibu mm."

"Ulijibu mm, lakini masikio hayakuwa na kazi nyingine. Akasema nini?"

Jasho linamtiririka. Kunja, Tsuma, kunja. Midomo ya mtoto inachezacheza. Kanga. Alisema kanga. "Baba, kanga ameatamia mayai kule kwenye vichuguu, haondoki hata kunywa. Nimpelekee maji?"

"Mm," alijibu baba. Ruhusa ikatoka.

"Vichuguu," akasema Mwatela, "viko vya mashariki na vya magharibi, na moto unavishika vyote. Watu tulio hapa tutafungua njia moja tu."

"Alionyesha wapi?" akauliza Bi Mbeyu.

"Sikumtazama mkono."

"Ulimtazama nini?"

"Uso. Mara moja tu. Alikuwa amefumba jicho moja."

"Kwa nini?"

Tsuma akafumbua macho. "Jua," akasema. "Asubuhi ile. Jua lilimpiga usoni alipogeuka kuonyesha. Mashariki."

Wakaondoka mbio, watu tisa. Matawi mabichi, pu, pu, pu! Moto unarudi nyuma hatua, wanasonga hatua. Pu, pu, pu! Nyusi za Tsuma zikaungua, hakujua. Kichuguu cha kwanza, hakuna. Cha pili, hakuna. Cha tatu kilikuwa na shimo lililochimbwa na muhanga, na mlangoni mwa shimo kata, mpini wake unafuka moshi.

Akaingiza mkono mpaka begani. Akashika mguu mdogo. Mguu ukampiga teke.

"Baba, pole pole," sauti ikatoka ndani, imekauka kwa moshi. "Utavunja mayai."

Alikuwa ameyabeba kwenye leso yake, mayai kumi na moja, akajipenyeza nayo shimoni. Tsuma akamtoa, akakaa majivuni, akalia mbele ya wanaume wanane bila haya yoyote.

Bi Mbeyu alifika mwisho, anahema.

"Bibi, ile ni dawa gani?" Tsuma akamuuliza.

"Dawa wapi. Ni zoezi. Leo nimekushika mkono. Kesho ikunje mwenyewe, hata ukifika saa sita tu."

Akaanza. Mwezi wa kwanza aliishia mchana kila mara. Wa pili, asubuhi. Bi Mbeyu alipofariki, Tsuma alikuwa anafika alfajiri, na akifika huko humkuta Nyevu, na alijua mtoto alisema nini.

Sasa nyie. Akili usiyoizoeza siku ya uji haiji siku ya moto, hata ukiiita kwa majina ya vyuo vyote. Haya, wewe unayetikisa kichwa, mtu wa mwisho kuzungumza nawe kabla hujaja hapa alikuambia nini?

Mmeona. Anajikuna kichwa.

Hadithi yangu naiacha papa hapa. Anayeitaka aende nayo kwake.