Fisi na Kinu Kilichokauka

Mwaka ule mvua iliwagomea wanyama wa bondeni, mto ukabaki mchanga mtupu. Simba akaamuru kodi: katika kila vikapu kumi vya mtama uliovunwa, kimoja kiende ghala la njaa. Bi Digidigi, mjane, alilisubiri ghala hilo kwa roho mkononi. Wanawe watatu walikuwa siku ya nne wakinywa maji ya moto na kuyaita uji.

Mwenye mtama mwingi alikuwa Fisi, na Fisi hatoi kitu ila anapotapika. Alikuja na vikapu viwili.

"Mtukufu, nimevuna mia, lakini themanini nilikikopesha kinu cha maji cha Mbweha. Mto umekauka, kinu kimekufa, na mkopo umekufa. Sheria yako yasema mkopo uliokufa hautozwi kodi."

Simba akavimba kifua kusikia sheria yake ikitajwa. "Ni yangu, na ni nzuri."

Sungura, karani wa kodi, akauliza, "Mzee Fisi, ulikikopesha kabla mto haujakauka?"

"Baadaye. Kila wiki. Mimi nina huruma."

Huruma! Fisi huyuhuyu aliyemnyima shangazi yake mfupa mkavu.

"Mbweha aliweka rehani gani?"

"Rehani ya nini? Sisi ni ndugu."

Sungura hakubishana. Akawaita wote kinuni, maana desturi ya bonde ni kwamba kinu kikifa, waliokikopesha hugawana mawe yake, na mjane huchagua kwanza. Bi Digidigi alikuwa amekikopesha kikapu kimoja kabla ya ukame, mbegu zake za mwisho. Akashika jiwe kubwa la juu.

Fisi akasahau kila kitu. "Toa kwato zako! Jiwe langu hilo! Kinu ni changu, huyu Mbweha ni kibarua wangu tu!"

Mbweha akainama, akachunguza kucha zake.

"Basi hukukopesha," Sungura akasema. "Mwenye kinu hajikopeshi. Ulimwaga mtama wako katika mali yako, ukijua imekufa, na vibarua wako wakaula bila kusaga hata punje. Hasara hiyo ni yako, haipunguzi kodi."

Simba, aliyeona aibu kwa kuitikia upesi, akanguruma, "Vikapu kumi! Leo hii! Na mjane abebe jiwe lake!"

Fisi akajaribu kucheka kama kawaida yake, lakini hakuna aliyemwitikia. Jioni hiyo wana wa Digidigi walikula ugali wa mtama wa ghala mpaka wakasaza. Njia ya mwongo ni fupi.