Sufuria ya Shaba na Ukoko wa Idd

Hapo zamani, na msiniulize mwaka gani maana mimi nahesabu kwa Idd, palikuwa na mwanamke wa Pemba aliyeitwa Bi Hidaya. Kwake ndiko ukoo mzima ulikokusanyika siku ya Idd kula mkate wa kumimina. Mkate huo aliupika katika sufuria ya shaba aliyoachiwa na mama yake: moto chini, na makaa mengine yakapaliwa juu ya kifuniko. Sufuria ilipo, Idd ipo. Ndivyo walivyozoea.

Masika moja Bi Hidaya akapatwa na homa, na homa ikaondoka na pua yake. Msicheke, pua ilibaki mahali pake! Kilichoondoka ni harufu, na ladha nayo ikafuata. Akipewa pilau, majivu. Akipewa embe, majivu. Akakonda, akanyamaza, akawa kutwa amelala ameukabili ukuta.

Mwaka ule Idd Kubwa iliangukia kwenye vuli. Siku tatu kabla yake akawaita wanawe.

“Mimi sipiki tena. Nitapikaje kitu nisichojua kama kimeiva? Sufuria nampa atakayenionjesha mkate nikajua huu ni mkate. Asipopatikana, ipelekwe msikitini ikachotewe maji ya udhu, na Idd ya nyumba hii imekwisha.”

Waliosikia walikuwa watatu. Mize, binti yake, aliyefundishwa mkate ule tangu hajaota meno ya pili. Time, mke wa mwanawe mdogo aliyekuwa safarini, mzaliwa wa bara ambako maboga hulimwa mpaka yakatupwa. Na Kombo, mwanawe mkubwa, fundi seremala, hajaoa, ambaye jikoni alikuwa haingii ila kuuliza kama chakula tayari.

Mize akaloweka mchele. Akausaga. Akautia tui zito, hamira na iliki ya kutosha, akaufunika, akaenda kulala na dua mdomoni. Lakini mvua ya vuli ilikuja na baridi yake. Asubuhi ya Idd akafunua: unga umelala. Haukuumuka hata kidogo. Mize akakaa chini akalia, kisha akatoka kutafuta makaa makavu, maana wageni wangekuja, unga ulale usilale.

Huku nyuma Time akautazama ule unga. Alikuwa amechemsha boga lake kwa sukari. Akaliponda lingali vuguvugu, akalimimina mle ndani, akakoroga, hakumuuliza mtu. Joto la boga likaiamsha hamira. Unga ukatoa povu, ukapanda.

Mize akarudi.

“Wifi! Umefanya nini? Tangu lini mkate wa kumimina ukatiwa boga?”

“Tangu ulipokataa kuumuka, wifi.”

Hapakuwa na nafasi ya kugombana. Unga ukamiminwa katika sufuria, sufuria ikawekwa jikoni. Nani atakaa na moto? Wanawake walikuwa na nyama na wali vya kuhangaika navyo upande wa pili wa ua. Kombo ndiyo kwanza anatoka kuswali na kanzu yake nyeupe. Wakamkamata.

“Kaka, palia makaa juu mara moja tu,” akasema Mize.

Kombo akapalia mara moja. Mvua ikazidi, bati likapiga kelele. Mize akaita kutoka ng'ambo ya ua, “Kaka, usipalie tena!” Mvua ikaimeza ile “si”. Kombo akasikia, “Kaka, upalie tena!” Akapalia. Mize akapaza sauti, “Nasema usipalie tena!” Kombo akasikia, “Nasema upalie tena!” Akajisemea, huyu dada yangu anapenda moto. Akapalia mara ya tatu, makaa yakawa kilima.

Mara ikasikika sauti kutoka chumbani.

“Kinaungua!”

Wote wakasimama. Haikuwa sauti ya Mize, haikuwa ya Time. Bi Hidaya alitoka peku, kanga imemponyoka begani.

“Kinaungua! Hamsikii harufu nyie?”

Hawakuisikia. Mvua ilikuwa imewaziba masikio na moshi umewaziba pua. Yeye, aliyekaa miezi saba bila harufu, ndiye aliyeisikia.

Akaondoa kifuniko mwenyewe. Juu mkate ulikuwa ukoko mweusi, chini yake rangi ya dhahabu. Akavunja ukoko, akatafuna, akafumba macho.

“Iliki,” akasema. Akatafuna tena. “Na kitu cha shambani, kitamu. Boga?” Kisha akaanza kulia na kucheka pamoja. “Na umeungua, jamani! Umeungua!”

Mize akasema, “Mama, neno la kwanza ulilolitaja ni iliki. Iliki niliitia mimi, na mkate ni ule ule ulionifundisha.”

Time akasema, “Mama, iliki ya wifi ilikuwa imelala pamoja na unga. Bila boga langu leo tungetafuna jiwe. Na kilichoungua kikanukia ni utamu wa boga.”

Kombo akajikuna kichwa. “Mimi sijui kupika, hilo mnalijua. Lakini Mama, miezi saba umepitishiwa iliki, umepitishiwa maboga, hukustuka. Leo umeinuliwa na moto, na moto niliutia mimi.”

“Kwa kosa!” wakasema wanawake.

“Kwa kosa. Ningeisikia ile ‘si’, Mama angekuwa bado ameuangalia ukuta.”

“Basi na neno lilikuwa langu!” akasema Mize.

Hapo wageni wakaanza kubisha hodi. Bi Hidaya akautoa mkate, akaifunika mikono kwa pembe za kanga, akaiinua sufuria.

“Idd ijayo nitakwenda kula ilipo sufuria hii,” akasema, akawatazama mmoja mmoja.

Amesimama nayo, ingali ya moto, na kanga yenyewe nyembamba. Hawezi kuishika sana. Haya, semeni upesi, na wewe unayecheka huko nyuma uanze: nani anastahili kunyoosha mikono aipokee?